Panya Wangu si Debe la Taka

Siku ya kwanza nilipomwambia mama anayeniuzia omena, wale dagaa wa ziwani, pale soko la Kibuye kwamba nataka kidogo tu, ni za panya, alinifungia upesi kwenye gazeti kisha akainama na kushusha sauti. "Dawa unayo? Usipake nyingi mwanangu, watanusa waache." Nikamwambia siwategi, nawafuga. Akanitazama mimi, akatazama omena, akaangua kicheko mpaka wa meza ya pili akauliza kuna nini. Tangu siku hiyo jina langu upande ule wa soko ni Baba Panya.

Ninao wawili, madume, weupe wenye mabaka meusi mgongoni, jamii moja na wale panya wakubwa wa mitaroni isipokuwa hawa wamezaliwa mikononi mwa watu kizazi baada ya kizazi. Niliachiwa na rafiki aliyehama Kisumu na hakupata wa kuwachukua. Mkubwa anaitwa Mbao na mdogo Ashuu, yaani shilingi ishirini na shilingi kumi kwa Sheng, kwa kuwa siku walipofika mmoja alikuwa kama mara mbili ya mwenzake.

Majirani zangu hapa Migosi walipozoea habari hiyo, misaada ikaanza. Ugali mkavu wa jana. Ngozi ya kuku wa kukaanga. Nusu chapati iliyokanyagwa na mtoto. Siku moja nililetewa mfuko wa mahindi yaliyoshika kuvu, aliyeleta akiwa na uso wa mtu anayefanya hisani: "Kuku wameyakataa, nikasema wale wako hawachagui." Mimi ndiye mtu anayewatafutia panya wake vitu vitamu kila wiki, kwa hiyo nikikataa naonekana mwenye maringo. Lakini makombo ni kitu kimoja, na chakula cha namna namna ni kingine kabisa. Na hilo la kutochagua ni uongo mtupu. Sijaona kiumbe anayechagua kama panya.

Tuanze na onyo la mama wa omena. Panya hawezi kutapika. Mwili wake haukupewa njia hiyo, kikishashuka kimeshuka. Mimi nikila kitu kibaya tumbo langu hukirudisha, yeye atabaki nacho. Ndiyo maana kitu kigeni hakibugii. Hukinusa, hukilamba, humega kipande kidogo kama punje ya wimbi, kisha huondoka kama aliyesahau. Akikaa na kujisikia vibaya, hatakigusa tena. Sumu nyingi za panya zinazouzwa madukani hutengenezwa zifanye kazi polepole, kwa siku kadhaa, ili walaji wasijue ni chakula kipi kilichowaua. Mnyama ambaye tumelazimika kumtengenezea hila ya namna hiyo, ndiye tunayesema anakula chochote.

Kitu kingine nilikiona sebuleni kwangu kabla sijasoma kwamba wanasayansi wanakijua siku nyingi. Nilipompa Ashuu malenge yaliyochemshwa kwa mara ya kwanza, Mbao hakuyasogelea. Alimfuata mwenzake, akaweka pua mdomoni mwake, akanusa pumzi yake kwa makini, masharubu yakitetemeka. Aliporidhika ndipo akaenda kuchukua kipande chake. Panya hujifunza chakula salama kwa kunusa mdomo wa mwenziwe. Kwa hiyo nikiwa na kitu kipya humpa kwanza aliye jasiri, na jasiri wetu ni yule mdogo.

Chakula chao cha kila siku hakina raha yoyote. Ni vidonge vigumu vya lishe ya panya wa maabara, tunavyonunua kwa kuchanga watu watatu. Panya mzima hula takriban gramu 15 hadi 20 kwa siku, kwa hiyo mfuko hukaa. Uzuri wa vidonge ni kwamba haviwapi nafasi ya kuchambua. Nilijaribu zamani kuwachanganyia nafaka mwenyewe, mtama, wimbi, mbegu za alizeti na njugu karanga kidogo, nikajiona fundi. Asubuhi njugu na alizeti zimekwisha, mtama umebaki bakulini umemwagiwa mkojo. Nikijaza tena, ni yale yale. Vile vidonge ndivyo ugali, na vitamu vyote ninavyovisimulia hapa ni kitoweo, sehemu moja kwa kumi ya wanachokula, si zaidi.

Nasema si zaidi kwa sababu nilishavuka. Mbao alipenda njugu kama mlevi apendavyo chang'aa, nami nilipenda kumwona akija mbio nikitikisa mfuko. Kila nikipita, njugu moja. Mke wangu naye akipita, moja. Miezi mitatu baadaye Mbao alikuwa akipanda ngazi ya kizimba chake kwa vituo. Nilipompima kwenye mizani ya jikoni alikuwa na gramu 610. Nikakaa nikapiga hesabu ambayo ningeipiga mapema. Panya wa gramu 450 na mimi wa kilo 75, njugu moja ya nusu gramu kwake ni kama mimi kula njugu za gramu 80 kwa mkupuo. Mara sita kwa siku. Na panya anaishi miaka miwili, mitatu akijaliwa, kwa hiyo miezi mitatu ya unene kwake si jambo dogo.

Kabla njugu hazijakoma kulikuwa na kisa cha siagi ya njugu. Nilimpa kwenye ncha ya kijiko. Akaimeza kwa pupa, ikakwama. Alikunja kidevu kifuani, mate yakamtoka, akawa anajikwangua mdomo kwa mikono miwili huku akirudi nyuma. Naye ndiye yule asiyeweza kutapika. Ilichukua dakika kama kumi na tano ikashuka, na katika dakika hizo nilimwahidi Mungu mambo ambayo bado ananidai. Siku hizi siagi ya njugu naipaka kwenye karatasi iwe utando tu wa kulamba, tena mara chache.

Sasa omena. Kama kuna kitu kinachonifanya niwahurumie wafugaji wa Ulaya wanaonunua vitamu vya rangi rangi kwenye visanduku, ni omena. Protini, mafuta mazuri, mifupa, vyote ndani ya samaki mwenye urefu wa kidole, tena anauzwa kwa gorogoro, lile kopo la kupimia. Nazichambua, nazimwagia maji moto kutoa mchanga wa ufukweni, nazikausha tena kwenye sufuria kavu bila chumvi wala mafuta. Kila mmoja hupata moja, mara mbili kwa wiki. Ashuu huishika kwa mikono miwili kama mtu anayepuliza filimbi, huanza kichwani, na kila mara huacha ule mkia mwembamba ukining'inia pembeni ya bakuli. Mbao hula mkia wake, kisha huja kumalizia wa Ashuu.

Mvua zikinyesha kuna kumbikumbi. Hapa kwetu magharibi hatuhitaji kuambiwa kwamba wadudu ni chakula. Jioni nawasha taa ya nje, naweka beseni la maji chini yake, asubuhi nakaanga kavu na kupeta mbawa kwenye ungo. Nusu yetu, nusu yao, ila zao hazitiwi chumvi. Siwaokoti mahali palipopuliziwa dawa ya wadudu. Ubawa mmoja ukisalia, Ashuu huuchomoa, huuweka kando taratibu, ndipo huendelea. Nimewaona wageni wangu wakila kumbikumbi kwa adabu ndogo kuliko hiyo.

Mboga ni rahisi: sukuma, karoti, malenge, kipande cha ndizi, viazi vitamu ila vilivyochemshwa. Maharagwe mabichi kamwe, yana sumu inayotoka kwa kuchemshwa hadi yaive sawasawa, kwa hiyo nyoyo (mahindi na maharagwe ya kuchemsha) ya nyumbani isiyo na chumvi wanaipata punje mbili tatu. Muhogo mbichi hapana. Viazi vilivyogeuka kijani hapana. Soda hapana kabisa, kwa kuwa hata gesi panya hawezi kuicheua. Machungwa nayo nimeyaacha. Mafuta ya ganda la chungwa yana kemikali inayoharibu figo za panya dume peke yake, jike haimdhuru hivyo, na mimi nina madume. Tikiti wanapenda, lakini Ashuu huficha chake chini ya kitanda, na nyumba nzima itajua siku ya tatu.

Kuhusu yale mahindi ya kuvu nilikuwa mkali, na sijuti. Sumukuvu iliua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004, watu wazima na watoto, kwa mahindi yaliyohifadhiwa vibaya. Ini la panya ni dhaifu mno mbele ya sumu hiyo, na haiondoki kwa kupikwa. Nilimwambia jirani yangu hata hao kuku wake walikuwa na akili kuyakataa. Alinuna wiki nzima.

Kuna wanaoniuliza basi kwa nini nijisumbue, kama vidonge vina kila kitu. Nenda Morogoro, Tanzania. Wale panya buku wanaofunzwa na shirika la APOPO kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu hufanya kazi hiyo kwa malipo ya ndizi na njugu. Mmoja wao, Magawa, aliyepewa nishani ya dhahabu ya PDSA, shirika la kutibu wanyama la Uingereza, mwaka 2020, alipata mabomu na vilipuzi zaidi ya 100 huko Kambodia kwa mshahara huo. Kitamu kwa panya kina thamani kinapotafutwa. Ndiyo maana siku hizi sigawi mkononi. Omena naifunga ndani ya maganda ya mahindi, nakaza fundo, nawaachia. Minji (njegere) nazitupa kwenye sahani yenye maji ya kina cha kidole, nao huingia mpaka kifuani wakivua. Huyo Mbao wa ngazi kwa vituo sasa ana gramu 480, na kwenye sahani ya minji anamshinda Ashuu. Huzipiga kwa mkono zikimbilie ukingoni, kisha huzinyanyua moja moja kama mvuvi wa ufuo wa Dunga aliyezaliwa na nyavu.

Jumapili iliyopita mama wa omena alinifungia gazeti mbili. Nilipotoa pesa akachukua ya gazeti moja, ile nyingine akairudisha mkononi mwangu. "Hizi nimezichambua mwenyewe, hazina mchanga," akasema. "Ni za Mbao. Wewe Baba Panya lipa zako."