Studio Ndogo ya Gemu: Iseme Mapema au Ikae Kimya?

Septemba 4, 2025, maduka ya mtandaoni ya Steam, Nintendo na PlayStation yalielemewa na wateja. Wengi walikuwa wakigombea gemu moja, Hollow Knight: Silksong, kazi ya Team Cherry, studio ya Australia yenye watu wa kuhesabika. Gemu hiyo ilitangazwa Februari 2019, kisha miaka ikapita studio ikiwa karibu bubu. Hata tarehe ya kutoka ilitajwa wiki mbili tu kabla. Ni rahisi kwa watengenezaji wadogo kuchukua hilo kama somo: achana na habari za kila wiki kuhusu gemu inayotengenezwa, fanya kazi, kimya kingi kina mshindo mkuu.

Siafiki, walau si kwa ujumla hivyo. Lakini wanaotetea ukimya hawabahatishi. Habari za studio zina gharama ambayo msomaji haioni. Chukua video ya sekunde 20 ya mhusika akiruka ukuta. Ili ipendeze, mtu atarekebisha mwanga wa chumba hicho kimoja, atafunika kona ambayo haijachorwa, atazima namba za majaribio zinazojitokeza pembeni mwa skrini, atarekodi, atakata, ataandika maelezo, kisha atashinda akijibu maswali. Kwenye studio ya watu watatu hakuna idara ya mawasiliano. Anayefanya yote hayo ndiye aliyekuwa akisaka hitilafu inayofuta mchezo uliohifadhiwa. Na chumba kile kikiondolewa kwenye gemu baadaye, wapo watakaouliza kimekwenda wapi.

Swali hilo ndilo lililowatesa Hello Games, studio ndogo ya Uingereza. Gemu yao No Man's Sky ilitangazwa mwaka 2013, na kila mahojiano yaliongeza matarajio. Ilipotoka Agosti 2016, wachezaji walikuta mambo kadhaa waliyoyasikia hayamo. Ghadhabu ilikuwa kubwa kiasi kwamba mamlaka ya matangazo ya Uingereza ilichunguza ukurasa wa mauzo wa gemu hiyo, ingawa haikuona kosa. Studio ikaziba mdomo, ikarudi na masasisho ya bure mwaka hadi mwaka, na jina lake likatakata. Ahadi ni deni, na wao walilipa hadi senti ya mwisho. Si kila studio ina fedha za kulipa hivyo.

Sasa upande wa pili, ambao ndio hunielemea zaidi. Ukimya wa Silksong uligharimiwa na mtu mwingine: mnunuzi wa Hollow Knight, gemu iliyoitangulia. Gemu hiyo ya kwanza ilianza na mchango wa Kickstarter, tovuti ya kuchangisha fedha za miradi, mwaka 2014, dola za Australia zipatazo 57,000 kutoka kwa watu ambao ilibidi waonyeshwe kitu kabla ya kutoa pochi. Baada ya kutoka mwaka 2017 iliuza mamilioni ya nakala. Mwenye mauzo hayo anaweza kunyamaza atakavyo. Anayetoa gemu yake ya kwanza akinyamaza, hakuna anayegundua kwamba amenyamaza.

Kuweka gemu Steam iuzwe ni dola 100 kwa kila gemu, kwa hiyo mlango uko wazi kwa karibu kila mtu, na msongamano unajulikana. Duka huwatumia taarifa walioiweka gemu kwenye orodha ya wanazozitaka siku inapotoka. Orodha hiyo haijijazi yenyewe. Hata Eric Barone, aliyeitengeneza Stardew Valley peke yake kwa zaidi ya miaka minne na kukataa kuiuza ikiwa nusu, aliionyesha kazi yake hadharani muda mrefu kabla haijatoka mwaka 2016.

Studio ya Supergiant Games walikwenda mbali zaidi: gemu yao Hades iliuzwa haijakamilika kuanzia Desemba 2018, ikasasishwa mbele ya wachezaji hadi toleo kamili la Septemba 2020. Njia hiyo inafaa gemu ya kufa na kuanza upya. Kwa gemu inayobebwa na fumbo moja, ni kujimaliza. (Tena Supergiant nao hawakuwa wageni sokoni.)

Kwa maoni yangu, studio changa iseme, lakini iseme kilichokwisha kufanya kazi kwenye mashine yake, na mipango ibaki ndani. Hello Games wenyewe siku hizi hutangaza sasisho likiwa karibu tayari.

Ukimya una jambo jingine lisilozungumzwa sana: majirani. Tarehe ya Silksong ilipotajwa ghafla, studio kadhaa ndogo zilihamisha zao. Necrosoft Games walikuwa watoe Demonschool Septemba 3. Wakaisogeza hadi Novemba. Team Cherry hawakuvunja sheria yoyote, na hawakuwa na wajibu wa kuwapigia simu. Ila kwa studio iliyokwisha kuwaahidi waandishi na wachezaji tarehe, wiki mbili hazitoshi hata kupanga upya ratiba ya matangazo.