Jeshi moja au majeshi mawili? Sanduku la kwanza kwa mchezaji wa Kigoma

Mdogo wangu mmoja wa Ujiji alikuja kibarazani kwangu na picha mbili kwenye simu. Anataka kuanza Warhammer 40,000, mchezo wa vita vya mezani uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1987 na Games Workshop, kampuni ya Nottingham, Uingereza. Amedunduliza hela ya sanduku moja tu. Picha ya kwanza ilikuwa ya sanduku la jeshi moja, liitwalo Combat Patrol, la Necrons, wale mashujaa wa chuma wanaoinuka makaburini. Ya pili ilikuwa ya sanduku la kuanzia lenye majeshi mawili, Space Marines, askari wa deraya, na Tyranids, madude yenye makucha. "Kaka, nichukue lipi?"

Kwa asiyeujua mchezo huu: kila mchezaji ana kikosi cha sanamu ndogo za plastiki, nyingi hazizidi kimo cha kidole. Anaziunga mwenyewe, anazipaka rangi, kisha anazisogeza mezani kwa kupima inchi na futikamba. Nani kapigwa na nani kapona, huamua dadu.

Moyo wa kijana ulikuwa kwa Necrons, na sipendi kuupuuza moyo. Sanamu moja inaweza kula jioni nzima ya kupaka rangi. Nimeona watu walionunua jeshi wasilolipenda wakaishia kuliacha kijivu, bila rangi, na jeshi la kijivu halimtamanishi mtu kucheza. Tena sanduku la jeshi moja halina hasara: kila kipande kinaingia kwenye jeshi lako, na ukitaka kulikuza baadaye unaendelea palepale. Toleo la mchezo la mwaka 2023 liliyawekea masanduku ya Combat Patrol kanuni zake, zikatolewa bure mtandaoni. Uwanja wake ni inchi 44 kwa 30, yaani meza ya chakula inatosha. Angekuwa anaishi kwenye mji wenye duka la michezo hii na meza za wazi kila Jumamosi, ningemwambia achukue Necrons wake aende.

Lakini sisi tuko mwisho wa reli, kilomita zaidi ya 1,200 kutoka Dar es Salaam, na umbali huo unaingia ndani ya sanduku.

Chukua gundi na rangi. Sanduku la Combat Patrol huja na fremu za plastiki za kukata na kuunga kwa gundi, na gundi haimo. Dadu hazimo, kitabu cha kanuni hakimo. Makopo ya rangi ya kupuliza yana gesi iliyoshindiliwa na yanashika moto, kwa hiyo vifurushi vya ndege havipokei, na gundi nyingi za plastiki zina kizuizi hichohicho. Hapa Mwanga, mjini Kigoma, utapata supagluu, nayo inashika vizuri. Undakoti (rangi ya kwanza) ya magari ya kupuliza pia inafaa, ila ijaribu kwanza kwenye kipande cha fremu, maana nyingine inakula plastiki. Usipulize siku ya mvua: unyevu wa Novemba hadi Aprili unaifanya rangi ikauke kwa chengachenga, na sura ya askari inapotea chini yake. Masanduku ya kuanzia ya toleo lile la 2023 yana sanamu za kubana, pini inaingia tunduni bila gundi. Kwa mtu wa Nottingham hilo ni jambo dogo. Kwa mtu wa Ujiji ni kucheza jioni ileile sanduku lilipofika.

Kitabu cha kanuni kina pande mbili. Kampuni ilitoa toleo jipya mwaka 2017, likafuata la 2020, kisha la 2023, kwa hiyo ukilipia kitabu unalipia kitu kitakachopitwa baada ya miaka mitatu hivi. Upande wa pili, kitabu mkononi kinasomwa hata umeme ukikatika na bando likiisha. Na watu wawili walioridhika na toleo la zamani hakuna wa kuwakataza kulicheza.

Vyote hivyo ni vidogo mbele ya jambo moja: utacheza na nani?

Rafiki yangu wa Tabora alinunua sanduku la jeshi moja. Kazi aliyoifanya ni ya kupendeza, rangi zimetulia, macho ya kila askari yamechorwa. Jeshi hilo liko kabatini. Mpinzani wake wa karibu ni mimi, na kati yetu kuna kama kilomita 400 za reli. Tumekutana mezani mara mbili tu. Angalia drafti chini ya mwembe: hakuna anayekwenda dukani kununua kete nyeupe peke yake akitumaini siku moja atatokea mwenye nyeusi. Anatengeneza ubao mzima, anakusanya vizibo vya pande zote mbili, anakaa, na wapita njia wanavutwa. Sanduku la majeshi mawili linafanya kazi hiyo. Unamwekea jirani jeshi mbele yake, hajalipa hata shilingi, naye anajaribu.

Kigoma tunajua habari ya masanduku, na kwamba bila watu hayana kazi. Meli ya Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ilifunguliwa ikapakiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000 na kuunganishwa upya hapa bandarini. Mafundi watatu wa kule walisafiri nayo. Bila wao na vibarua waliofanya kazi nao, bandari ingebaki na rundo la vyuma. Kwa watu hao tukapata meli ambayo tangu 1927 inaitwa Liemba.

Kwa hiyo nilimwambia achukue la majeshi mawili, ingawa najua nusu ya sanduku si ya moyo wake na Necrons hawamo kabisa. Bora zaidi, atafute mwenzake wachangie nusu kwa nusu, na wakubaliane kabla ya kulipa nani anachukua lipi na kitabu kinalala kwa nani. Mgawanyo wenyewe hauko sawa. Katika sanduku kubwa la Leviathan la 2023, kati ya sanamu 72, Space Marines walikuwa 25 na Tyranids 47. Hata hivyo, Tyranids wanapakwa upesi: rangi moja nyepesi, kisha rangi ya majimaji inayotuama kwenye mikunjo, na dudu limekamilika. Deraya bapa ya Space Marine inaonyesha kila mkono uliotetemeka.

Aliniuliza kama Necrons awasahau. Nikamwambia hapana, awaweke mwakani, wakati mwenzake atakuwa amekwisha kuzoea kushinda na anahitaji adui mpya. Akaondoka kwenda kumtafuta binamu yake, ambaye tayari amesema anataka yale madude yenye makucha.