Nchi ya Angani Ilivyotua Kwenye Mchuzi

Kulabu haikung'oka. Hilo lieleweke mapema, maana mtaa mzima unasema nilipigilia vibaya. Kulabu ilikuwa kwenye kenchi yenyewe, si kwenye siling bodi, na mshipi wa kuvulia haukukatika. Kilichoanguka ni nchi.

Nchi yenyewe ni Kusadikika, ile ambayo Shaaban Robert aliiweka angani katika kitabu chake cha 1951. Nchi ya angani huwezi kuiweka mezani, kwa hiyo nikaamua kuichonga kwenye vitabu, milima na mabonde yake, kisha itaning'inia sebuleni. Nilikwenda soko la Mwanjelwa, hapa Mbeya, kwa mama mmoja anayefungia karanga kwa karatasi, akanipimia vitabu chakavu kwa kilo. Nikachagua majuzuu manne ya jalada gumu yaliyoshonwa kwa uzi. Kitabu kilichobandikwa gundi tu mgongoni usikiguse: ukianza kukata, kinapukutisha kurasa kama kuku anayenyonyolewa.

Kwanza unazifunga kurasa. Gundi nyeupe ya mbao vijiko vitatu, maji kijiko kimoja, unapaka kingo tatu zilizo wazi. Maji yakizidi, kurasa zinavimba. Funika kwa nailoni, weka tofali juu, ulale. Kesho yake unachonga kuanzia juu, kurasa tano hadi saba kwa mkupuo. Mimi nilipata tamaa nikabana ishirini. Wembe ukaburuta za chini badala ya kuzikata, mlima mmoja ukatoka na pengo. Ncha ikianza kuvuta nyuzinyuzi, ivunje upate mpya. Usiihurumie, wembe ni rahisi kuliko mlima.

Kosa langu lilikuwa la kalenda. Majuzuu manne niliyaunganisha mgongo kwa mgongo usiku wa Juni, Mbeya, chumba hakina moto. Gundi hii inataka joto ili chembe zake zishikane ziwe utando mmoja. Ikikauka kwenye baridi inabaki ungaunga, nyeupe kama chokaa, na ukiigusa unadhani imekauka vizuri. Iliyoshika kweli huwa angavu. Yangu ilikuwa nyeupe pe, na mimi nikafurahi: tazama, hata ukungu wa mlima Loleza umejitokeza wenyewe! Mwenye akili angeshona majalada kwa uzi wa viatu, au angesubiri Oktoba.

Jumapili akaja baba mkwe kutoka Tukuyu, karani wa mahakama mstaafu.

"Mugonile, baba," nikamsalimu kwa Kinyakyusa.

Tukampa kiti kizuri kuliko vyote, ambacho kwa bahati kilikuwa chini ya Kusadikika. Mke wangu akaleta ndizi na bakuli la mchuzi wa nyama. Mzee akainua macho.

"Mkwe, hiki nacho ni nini?"

Ningejibu kwa mdomo tu, leo nisingekuwa naandika haya. Nikainuka, nikaizungusha nchi kwa kidole kimoja ili aione milima ya mashariki. Ikazunguka nusu. Halafu ikasema *pwa*. Robo moja ikabaki angani ikiendelea kuzunguka kwa raha zake. Robo tatu zikaingia mezani, moja ikiwa wima ndani ya bakuli.

Hakuna aliyepumua. Mzee akafuta nyusi, akachomoa juzuu kwenye mchuzi, akavaa miwani. Kumbe zilikuwa hukumu za zamani za mahakama. Akasoma kimya kesi ya ng'ombe na mpaka wa shamba, akifuatisha mistari kwa kidole, mpaka kidole kikatumbukia shimoni.

"Hukumu iko wapi?"

"Hapo ndipo bonde, baba."

"Sijauliza bonde. Aliyeshinda ni nani?"

Ikabidi niseme ukweli: mabonde yote, vipande vya ukubwa wa kiganja, nilimrudishia mama wa karanga mfuko mzima, naye akanipunguzia bei ya vitabu.

Jumatatu saa mbili asubuhi tulikuwa Mwanjelwa. Mzee amekalia ndoo iliyopinduliwa, koti limefungwa mpaka shingoni, anakunjua pakiti moja moja, anasoma, anaiweka kando. Tumefika ya kumi na tisa na ng'ombe bado hawana mwenyewe. Zinalipiwa na mimi, na kwa kuwa yeye hana meno ya karanga, zinaliwa na mimi.