Ondoa Bolti, Kitabu Kimesema

Kitabu cha matengenezo ya gari langu kina sentensi moja niliyoisoma mara nyingi kuliko barua yoyote niliyowahi kuandikiwa, nayo inasema: "Ondoa bolti." Maneno ni mawili tu, na baada yake pana nukta iliyotulia kabisa, kana kwamba aliyeyaandika alikuwa amekwisha nawa mikono na kuondoka. Napenda kumwarifu mheshimiwa huyo kwamba nayaandika haya kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia umefungwa kitambaa, na kwamba nukta yake hiyo imenichukua siku tatu.

Sitawachosha kwa kueleza ni kwa nini mtu mzima hulala chini ya gari ambalo, lau lingekuwa mtoto wa watu, lingekwisha oa na kuleta wajukuu. Wenye magari kama hayo wananielewa, na wenye magari mapya watanielewa kwa wakati wao. Niseme tu kwamba bushi, yaani kile kipande cha mpira kwenye kiungo cha mkono wa chini, chuma kinachoshikilia gurudumu, upande wa kushoto, ilikuwa imekwisha, kila shimo likawa linagonga mara mbili, kwanza gurudumu, kisha moyo wangu, nami nikaamua kuibadilisha asubuhi ili mchana nifanye mambo ya maana.

Nati za gurudumu nilizifungua kwa kuipanda spana kwa miguu yote miwili, jambo lisilopendeza kwa mtu wa rika langu, lakini zilifunguka. Bolti ya bamba la matope ilikatika kama chaki kabla sijaigusa sawasawa, nikaisamehe. Ya tatu ilikuwa na kichwa cha mviringo. Aliyelimiliki gari hili kabla yangu aliishika kwa spana ya inchi 11/16, ambayo ni milimita 17.46, ilhali kichwa chenyewe ni cha milimita 17, na ile nusu milimita kasoro kidogo ndiyo iliyotafuna pembe zote sita. Niliitoa kwa tindo na nyundo, nikiipiga ukingoni kuelekea upande wa kufungukia, huku nikimtafutia bwana yule maneno ya heshima na kuyakosa.

Hizo zote zilikuwa salamu tu. Iliyoniketisha kikao ni bolti ya mkono wenyewe, ile inayopita ndani ya bomba fupi la chuma lililogandishwa katikati ya mpira wa bushi.

Jioni ya kwanza niliiendea kwa adabu. Niliisugua kwa brashi ya waya, nikaimwagia mafuta ya kulegeza kutu, nikaigonga kichwani mara chache ili mafuta yapate njia, kisha nikaiacha ilale kama mgonjwa aliyekwisha kunywa dawa. Asubuhi nikaiongezea dozi. Nikachukua soketi ya pembe sita, si ile ya pembe kumi na mbili ambayo huteleza mapema, nikavisha bomba la mita moja kwenye mpini wake, kwa sababu mpini ukirefuka mara tatu nguvu nayo huongezeka mara tatu, na hivyo ndivyo sisi watu wembamba tunavyopata kuheshimiwa na vyuma.

Nati ikafunguka mara moja, na hapo ndipo ilinipasa kushtuka.

Nikahamia kwenye kichwa cha bolti, nikavuta, nacho kikageuka. Kikageuka robo mzunguko, kimya, kwa ulaini, bila lalamiko lolote, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Nikalegeza mkono ili nijipange upya, na bolti ikarudi. Ikarudi taratibu, robo ileile, mpaka pale pale ilipokuwa imelala kwa miaka yote. Nikavuta tena, ikaja. Nikaachia, ikaenda. Ilikuwa saa nzima ya bembea, na mtoto wa bembea alikuwa mimi.

Ndipo ilipofika miguu miwili ya jirani yangu, mzee mstaafu ambaye hajawahi kupitwa na shida ya mtu.

"Habari ya kazi, mwanangu?"

"Nzuri. Shikamoo, mzee," niliiambia miguu.

"Marahaba. Unaizungusha upande gani?"

"Kinyume cha saa, mzee."

"Saa ya nani? Wewe umelala chali."

Sikujibu, kwa kuwa swali lilikuwa limeniingia. Nilivua saa ya mkononi, nikaielekeza kwenye kichwa cha bolti, nikaigeuza, nikajigeuza na mimi, nikamwaga mafuta sikioni. Ni kweli kwamba mwendo wa saa huhesabiwa kwa kukitazama kichwa cha bolti uso kwa uso, na mimi nilikuwa nakitazama kwa kisogoni. Lakini baada ya mahesabu ya dakika kumi ilibainika kwamba upande nilikuwa sawa.

"Ndio upande wenyewe, mzee."

"Basi kaza kidogo kwanza, halafu ufungue."

Ushauri huo ni sahihi, na ndiyo sababu unaudhi, maana bolti iliyoshikwa na kutu mara nyingi huachia ikisukumwa mbele na nyuma. Nikakaza, ikakubali kukazwa. Nikaachia, ikarudi ilikotoka. Miguu ikanyamaza kidogo, kisha sauti ikatoka juu yake: "Mwanangu, hiyo haifunguki. Hiyo inacheza."

Alikuwa amesema kweli, na niliichukia ile kweli. Chuma kikikaa na maji na hewa hugeuka kutu, na kutu hutaka nafasi zaidi ya maradufu ya ile ya chuma kilichoizaa. Ndani ya bomba jembamba nafasi hiyo haipo, kwa hiyo kutu husukuma pande zote mpaka bolti na bomba vikashikana vikawa kitu kimoja. Nilikuwa nazungusha vyote viwili pamoja, na mpira ulikuwa unajisokota na kujisokotoa kama springi. Mafuta yangu ya usiku kucha hayakupata hata mlango wa kubishia hodi.

Nikarudisha nati mwishoni mwa bolti ili nyuzi zisiumie, nikapiga nyundo. Nati ikachanua kama ua, bolti ikakaa. Siku ya tatu nikaazima mtungi wa gesi. Kanuni inasema upashe moto kile kinachoizunguka bolti, si bolti yenyewe, ili kitanuke na kuiachia. Kanuni hiyo haikunidokezea lolote kuhusu mpira. Ndoo ya mchanga ilikuwa karibu, nami nilikwisha hakikisha kwamba mabomba ya petroli na ya breki yako mbali na moto, lakini moshi mweusi uliotoka pale ulinikohoza mpaka mzee akaja tena, safari hii akiwa amebeba kiti.

Hatimaye nikashika msumeno wa chuma. Kichwani mwa bolti palikuwa na namba 10.9, na aliyeijua maana yake hawezi kuisoma bila kuvuta pumzi, kwani ni chuma kinachostahimili kuvutwa kwa takribani nyutoni 1,000 kwa kila milimita ya mraba kabla hakijakatika. Nilikata upande mmoja wa bushi, nikahamia wa pili, bledi tatu zikaisha meno, na ulipofika mkato wa mwisho bolti ikakubali ghafla bila kuniarifu, mkono ukaendelea na safari peke yake hadi kwenye kona ya fremu. Hicho ndicho kisa cha kitambaa. Maneno niliyoyatamka pale si ya kuandikwa, na mzee, kwa hekima yake, alijifanya anakohoa.

Bushi mpya ilibanwa kwa jiriwa bila kelele. Bolti mpya, niliyoipaka grisi ya kuzuia kutu mwilini, iliingia kwa kidole kimoja, jambo lililonitia hasira upya. Nikafungua kitabu kuona kinaniagiza nini, nacho, kwa utulivu wake uleule, kinasema bolti hiyo ikazwe gari likiwa limesimama kwa uzito wake juu ya magurudumu. Sipingi. Mpira ukikazwa gari likiwa limening'inia juu ya stendi, hubaki umejisokota pindi likishuka, na huchanika kabla ya wakati wake. Nimelishusha. Nafasi iliyobaki chini yake ni ya kupita paka, tena paka anayejua anakokwenda, na wembamba wangu niliojivunia juzi umeishia mabegani.

Mzee amekisogeza kiti chake kivulini, ameuliza kama katika ukoo wetu yupo mtu mwembamba kuliko mimi.