Refa Hakuona, Mimi Nimeona Nikiwa Nyuma ya Nguzo

Juzi Yanga yetu tumenyimwa penalti. Kama ule haukuwa mkono, basi hiki ninachoandikia hapa ni nini? Beki kaudaka mpira ndani ya boksi, kautuliza, kidogo tu ampigie mama yake simu kumwambia kaupata. Refa yuko hatua tatu kutoka pale, anapunga mikono: twende, twende! Mimi nilikuwa kibanda umiza, nyuma ya nguzo, mbele yangu jamaa kavaa pama ndani ya nyumba, na nimeona. Yeye ana filimbi, ana wasaidizi wenye vibendera, hajaona.

Na mimi si mtu wa kulalamika. Pretoria mwaka 2024 nilinyamaza. Aziz Ki, wakati ule mchezaji wetu, kaachia mkwaju, ukagonga mwamba, ukadunda chini, na kila mwenye macho akaona ulipodundia. Goli hatukupewa, na VAR, ile video ya kumsaidia refa, ipo uwanjani. Sundowns wakatutoa kwa penalti 3-2. Chakula nilikisusa, lakini nilinyamaza. Mtu mzima ana heshima zake.

Ila la juzi limenishinda. Mke wangu kaniuliza, hiyo penalti ungepewa wewe tungelipa kodi? Bodaboda kanicheka kuanzia kwetu mpaka kituoni. Nikasema ngoja nikanyoe, nitulize kichwa.

Kinyozi wangu ni Simba. Nilijua, lakini kijana ana mkono mwepesi. Akanifunga kitambaa, akawasha mashine, akapita upande wa kulia wote kwa adabu, kimya. Kufika utosini akasema:

"Lakini braza, kabla ya ule mkono, si mlikuwa mmeotea?"

Nikageuka. Mashine ikanipiga mkwaruzo juu ya sikio.

"Kuotea wapi?"

Akazima mashine. Akapanga vitu kwenye kioo: kopo la poda ni beki wa mwisho, chupa ya spiriti ni mshambuliaji wetu, kitana kipa. Mpira ni kifuniko cha vaselini. "Mpira unatoka hapa. Spiriti yuko wapi? Mbele ya poda! Kibendera juu."

"Poda umeisogeza!"

"Sijaisogeza."

"Umeisogeza kwa kiwiko, nimekuona kwenye kioo!"

Benchi zima likasimama. Mzee mmoja aliyekuja kunyoa ndevu akasema poda imesogea ila kidogo. Mwingine akasema hata kidogo, bega likizidi umeotea, maana kwa bega unafunga. Mkono ndio hauhesabiwi. Mzee akahoji chupa ya spiriti bega lake liko wapi. Ikaamuliwa yaangaliwe marudio. Dogo wa kufagia akatoa simu, tukambana vichwa vitano, mimi na kitambaa changu shingoni. Mpira ukapigwa, ukapaa, unashuka, beki anainua mkono... kiduara kikaanza kuzunguka. Bando limekwisha.

"Basi, uamuzi wa uwanjani unabaki," kinyozi akasema, akarudisha poda rafuni.

Akawasha mashine. Haikuwaka. Feni imesimama, redio ya jirani imenyamaza. Umeme umekata, na mimi kichwa upande mmoja ni mwanasheria, upande mwingine ni mganga.

"Malizia na mkasi."

"Mkasi utakuharibu, braza. Subiri." Akakaa na miguu juu, akaanza kunifariji. "Refa naye binadamu. Si unamkumbuka Sikazwe, yule Mzambia? AFCON iliyochezwa 2022, Tunisia na Mali. Kapuliza filimbi ya mwisho dakika ya 85! Wakamkumbusha, wakaendelea, akamaliza tena kabla ya 90. Ikaja kusemwa ni joto lilimzidi."

"Joto! Wale walicheza mchana. Wa kwetu juzi kachezesha saa moja usiku, kazidiwa na joto la nini? La mwezi?"

Hakujibu. Akanidai hela yote. Nimenyolewa nusu, anataka yote, eti nusu ya pili niirudie kesho bure. Kwenye daladala konda akanipokea: "Mzee wa kipindi cha kwanza, sogea nyuma!" Gari zima likacheka, na dereva naye.

Umeme ulirudi usiku mtaani kote, kwangu giza. Luku imeisha. Na zamu ya kununua ilikuwa ya yule mpangaji wa uani, mwenye friji la barafu za kuuza. Nimemgongea. Anasema yeye mwezi huu hahusiki, alikuwa Morogoro msibani, umeme hajaugusa. Nikamuuliza, barafu zilizokuwa zinauzwa hapa mlangoni kila jioni, nani alikuwa anazigandisha? Anasema hizo za ubuyu hazili umeme mwingi, zinaganda haraka. Za ubuyu! Na anayeniambia hivyo kasimama mlangoni anainyonya.