Sleeman na Wathagi: wauaji walikuwepo, sheria ndiyo iliyopotoka

William Henry Sleeman aliingia Jeshi la Bengal la Kampuni ya Uhindi Mashariki, kampuni ya Waingereza iliyotawala sehemu kubwa ya India, mwaka 1809, akapigana vita vya Nepal, kisha mwaka 1820 akahamia kazi ya utawala katika eneo la mto Narmada, India ya kati. Jina lake limebaki kwa jambo moja: kuwavunja Wathagi, magenge yaliyojiunga na wasafiri njiani, yakala na kulala nao siku kadhaa, kisha yakawanyonga kwa kitambaa na kuwazika hapohapo. Wapo wanaomwita mkombozi wa barabara za India. Wapo wanaosema alijitungia adui ili Kampuni ipate kisingizio cha kujitanua.

Hawa wa pili wana jibu gumu la kutoa kuhusu makaburi. Feringhea, mmoja wa vinara wa Wathagi, alipokamatwa alikubali kutoa ushahidi ili anusurike kitanzi. Akampeleka Sleeman kwenye shamba la miembe palipopigwa mahema, akaonyesha pa kuchimba, na maiti zikafukuliwa palepale alipoonyesha. Miongoni mwa waliouawa kwa namna hiyo walikuwemo wafanyabiashara na askari wa Kihindi waliokuwa wakirudi makwao likizo na mishahara yao kibindoni. Anayesema Uthagi ulikuwa ndoto tupu ya Wazungu anawafuta na marehemu hao.

Hata hivyo, kukubali mauaji si kukubali kila alichoeleza Sleeman. Yeye aliona chama kimoja cha siri kilichoenea nchi nzima, kikimwabudu Kali, mungu wa kike wa Wahindu, kikirithishwa kutoka baba hadi mwana. Wanahistoria wengi leo wanatilia shaka picha hiyo, nami niko pamoja nao. Ndani ya magenge walikuwemo Waislamu na Wahindu, na wako waliolima msimu mmoja na kuingia barabarani msimu mwingine. Sleeman alichora ramani na nasaba za familia zao kwa bidii kubwa, lakini mengi aliyatoa kwa wafungwa ambao shingo zao zilitegemea maneno yao wenyewe. Mtu wa namna hiyo hachelewi kujua aliye mbele yake anataka kusikia nini.

Wanaomtetea wanaitaja pia Awadh, ufalme wa kaskazini mwa India wenye makao yake Lucknow, na hapo wana hoja. Akiwa Mwakilishi wa Uingereza Lucknow tangu 1849, aliandika wazi juu ya uovu wa utawala wa mfalme, ila akapinga Kampuni kuunyakua ufalme wenyewe. Wakubwa wake walichukua lawama zake wakaacha onyo lake. Awadh ilitwaliwa Februari 1856, mwezi uleule Sleeman alipofariki baharini akirejea kwao. Mwaka uliofuata askari wa Bengal, ambao wengi walitoka Awadh, waliasi. Alikuwa na ujasiri wa kuwapinga waliomtuma, na hilo ni lazima ahesabiwe.

Ninaposhindwa kabisa kumtetea ni kwenye sheria. Sheria Na. 30 ya mwaka 1836 ilisema yeyote atakayethibitishwa kuwa aliwahi kuwa mwanachama wa genge la Wathagi, hata kabla ya sheria kutungwa, afungwe maisha na kazi ngumu. Haikuhitajika kuonyesha alimuua nani, wapi wala lini. Mwaka uliofuata sheria nyingine ikaruhusu waliokwisha kuhukumiwa kuwa mashahidi. Maelfu walifikishwa mahakamani, mamia wakanyongwa, wengi zaidi wakahamishiwa ng'ambo. Hata watoa ushahidi hawakuachiwa: waliwekwa Jabalpur pamoja na familia zao, wakifuma mazulia na kushona mahema, na watoto wao wakakulia chini ya ulinzi kwa sababu ya baba zao.

Watetezi husema mashahidi wa kawaida wasingepatikana, kwani waliouawa walitoka mbali na hakuna aliyewatafuta. Ni kweli, na ugumu huo ulistahili subira kubwa zaidi katika upelelezi, kwa kuwa makaburi ya miembeni yalionyesha kwamba ushahidi wa kushikika unaweza kupatikana. Badala yake, wazo la kwamba uhalifu unarithiwa liliendelea kuishi, na mwaka 1871 Sheria ya Makabila ya Wahalifu ikaanza kuandikisha jamii nzima nzima kwa polisi, wasio na kosa pamoja na wenye kosa. India huru iliwaondoa katika orodha hiyo mwaka 1952, na hadi leo vizazi vyao bado vinashukiwa kituo cha polisi kwa jina la ukoo tu.