Ile si kumbukumbu, ni tangazo

Nimesoma makala inayodai eti wachoraji wa karne ya 19 walioonyesha magharibi ya Marekani walichora tu walichokiona, kwa hiyo kazi zao ni ushahidi wa maisha ya kule. Hapana, nampinga mwandishi wake. Tazameni vizuri mchoro wa John Gast wa 1872 ambao mwandishi huyo ameuweka juu ya makala yake: mwanamke wa nguo nyeupe anaelea angani, ameshika kitabu cha shule huku akitandaza waya wa telegrafu, nyuma yake treni na wakulima, mbele yake wenyeji na nyati wanatimuliwa gizani. Nani aliyaona hayo? Mchoro uliagizwa na George Crofutt, mchapishaji wa vitabu vya mwongozo kwa wasafiri, naye akasambaza nakala zake. Nakubali michoro ya mandhari ya mchoraji Thomas Moran ilisaidia eneo la Yellowstone, huko magharibi, kutengwa kuwa hifadhi mwaka huohuo, na hilo ni jambo kubwa. Lakini wenyeji nao walichora! Wafungwa wa makabila ya wenyeji ya Cheyenne na Kiowa waliopelekwa kwenye ngome ya Fort Marion, Florida, mwaka 1875 walijaza daftari kwa michoro ya uwindaji, farasi na safari yao ya kifungoni. Mbona makala haiwataji kabisa? Kuna aliyewahi kuziona daftari hizo kwa macho yake?